Standadi na Darasa

Kiswahili kina maneno mawili ya kutaja kundi moja la wanafunzi shuleni. La kwanza ni darasa, neno lenye asili ya Kiarabu, ambalo lilijulikana katika pwani ya Afrika ya Mashariki kabla haijafunguliwa shule yo yote ya serikali. Maana yake ya asili ni somo, au kikao cha watu waliokusanyika mbele ya mwalimu ili wasome. Kitenzi kudurusu ni ndugu yake. La pili ni standadi. Hilo lililetwa na Waingereza, na wazee waliosoma kabla ya uhuru husema hata leo kwamba fulani alifika standadi ya nne, au kwamba aliacha shule katika standadi ya sita.

Katika mazungumzo ya kila siku maneno hayo hayana tofauti. Kwa asili yametengana sana. Darasa ni watu walioketi pamoja kwa kusoma. Standadi ilikuwa kipimo, na kipimo hicho kiliwekwa katika mwaka 1862 ili serikali ya Uingereza ijue kila mtoto aliyepimwa ataipatia shule yake shilingi ngapi. Historia ya neno hilo yafaa kuchunguzwa, kwa maana ndani yake mna swali ambalo shule za msingi hazijamaliza kulijibu: mtihani wa mtoto mdogo humpima nani, na gharama ya kushindwa hubebwa na nani?

Hadi mwaka 1833 serikali ya Uingereza haikuwa na ruzuku kwa shule za watoto wa maskini. Kazi hiyo iliachiwa makanisa na watu wenye huruma. Mwaka huo Bunge lilikubali kutoa pauni 20,000 ili kuzisaidia jumuiya mbili zijenge shule. Kiasi hicho kilikua mwaka hata mwaka, na kufika mwaka 1861 kilikuwa kimezidi pauni 800,000. Wakati huo Uingereza ilikuwa imekwisha kupigana na Urusi katika vita vya Crimea, toka 1853 hadi 1856, na gharama ya vita hivyo ilikuwa imeilemea hazina. Wabunge wengi wakaanza kuuliza fedha za shule zinanunua nini.

Katika mwaka 1858 iliundwa Tume chini ya Duke wa Newcastle kuchunguza jambo hilo, nayo ilitoa taarifa yake mwaka 1861. Tume iliwasifu waalimu waliofundishwa kazi, lakini ilisema kwamba wengi wao walitia juhudi katika darasa la juu, lenye watoto wakubwa na hodari, ambalo mkaguzi alilitazama zaidi. Watoto wadogo waliachwa nyuma, na kwa kuwa wengi wao waliondoka shuleni mapema kwenda kufanya kazi mashambani na viwandani, waliondoka bila ya kusoma vizuri wala kuhesabu. Wakaguzi wa zamani hawakumpima mtoto mmoja mmoja. Walilitazama darasa kwa jumla, wakaandika kama nidhamu ni njema na mafundisho yanaridhisha. Tume ilishauri kila mtoto apimwe.

Ushauri huo uliangukia mikononi mwa Robert Lowe, aliyekuwa makamu wa rais wa kamati ya serikali iliyosimamia elimu toka mwaka 1859. Lowe alikuwa mwanasheria mwenye akili kali, aliyewahi kuishi Australia miaka minane, naye aliamini kwamba fedha ya umma ni kama fedha ya sokoni: haitolewi mpaka bidhaa imeonekana. Aliliambia Bunge, kwa maana yake, kwamba mpango wake ikiwa hautakuwa wa gharama ndogo utakuwa wa manufaa, na ikiwa hautakuwa wa manufaa basi utakuwa wa gharama ndogo. Hoja yake haikuwa ya upuuzi. Mtoto wa maskini alikuwa akipuuzwa, na Lowe aliona kwamba njia ya hakika ya kumfanya mwalimu amtazame mtoto huyo ni kumfungia thamani ya fedha shingoni mwake.

Hivyo ndivyo zilivyozaliwa Kanuni Zilizorekebishwa za mwaka 1862, na mpango ulioitwa malipo kwa kadiri ya matokeo. Hesabu yake ilikuwa hivi. Shule ilipata shilingi 4 kwa mwaka kwa kila mtoto, kwa kadiri ya wastani wa mahudhurio. Juu ya hizo, kila mtoto aliyehudhuria zaidi ya mara 200, asubuhi au alasiri, aliweza kuiletea shule shilingi 8 nyingine, kwa sharti la kupimwa na mkaguzi katika kusoma, kuandika na hesabu. Akishindwa somo moja, shule ilikatwa shilingi 2 na peni 8. Akishindwa yote matatu, zile shilingi 8 zilipotea zote. Watoto waliopungua umri wa miaka sita hawakupimwa, na kila mmoja wao alistahili shilingi 6 na peni 6 akiwapo shuleni siku ya mkaguzi. Zaidi ya hayo, fedha zilizotolewa zamani kwa mwalimu mwenyewe sasa zilipewa wasimamizi wa shule, na mwalimu ilimbidi apatane nao mshahara wake. Basi kosa la mtoto wa miaka saba katika kutoa na kujumlisha liliweza kufika mpaka mezani kwa mwalimu na kupunguza mkate wa watoto wake.

Ili malipo hayo yalingane nchi nzima ilihitajika mizani moja, nayo ilikuwa ngazi sita zilizoitwa standadi. Katika standadi ya kwanza mtoto alisoma hadithi yenye maneno ya silabi moja. Akaandika kwa imla, ubaoni au katika kibao chake, herufi kubwa na ndogo. Akaandika tarakimu hadi 20, na kujumlisha na kutoa kwa mdomo hadi 10. Katika standadi ya pili alinakili mstari mmoja uliopigwa chapa na kujua jedwali la kuzidisha. Katika ya tatu alisoma aya fupi ya kitabu cha shule, kisha sentensi ya aya hiyo hiyo ikasomwa polepole mara moja na kurudiwa neno moja moja ili aiandike. Katika ya nne alifanya hesabu za fedha; katika ya tano alisoma mistari michache ya ushairi na kufanya hesabu za mizani na vipimo. Katika standadi ya sita, iliyokuwa kilele, alitakiwa kusoma aya ya kawaida ya gazeti, kuandika aya nyingine ya gazeti kwa imla, na kukokotoa hesabu za hati za bidhaa. Historia, jiografia na elimu ya viumbe hazikuwamo, wala hazikuleta shilingi. Mtoto hakuruhusiwa kupimwa mara mbili katika standadi moja, wala kurudi chini.

Siku ya mtihani ilikuwa siku ya hofu. Shule ilipigwa deki, watoto wakavikwa nguo safi, na mkaguzi akaketi mezani na orodha ya majina. Mtoto mmoja mmoja aliitwa, akasoma mistari michache, akaonyesha kibao chake, na alama ikatiwa mbele ya jina lake. Wako wakaguzi walioandika baadaye, katika kumbukumbu zao, kwamba watoto wenye surua na kifaduro waliletwa shuleni siku hiyo mikononi mwa wazazi, kwa sababu mtoto asiyekuwapo hakuwa na malipo. Kanuni hizo hizo zilimtaka mwalimu mkuu aandike daftari la shule, na madaftari mengi ya namna hiyo yamehifadhiwa. Ndani yake mwalimu huandika juu ya mvua, mavuno ya viazi, na maradhi yaliyowazuia watoto wasije. Kwa msomaji wa leo hayo yaweza kuonekana kuwa habari ndogo. Kwa mwalimu yalikuwa hesabu za hasara.

Mtu aliyeona mapema yatakayotokea alikuwa Matthew Arnold. Ulimwengu wamjua kama mshairi na mhakiki, lakini kwa miaka 35, toka 1851 hadi 1886, riziki yake ilitokana na kazi ya ukaguzi wa shule. Mwaka 1862 aliandika makala ya kuupinga mpango wa Lowe, ingawa Lowe alikuwa mkubwa wake kazini, na katika taarifa zake za miaka iliyofuata alieleza aliyoyaona. Mtoto alipewa kitabu kimoja kidogo akakirudia mwaka mzima, hata akakijua karibu chote kwa moyo. Siku ya mtihani alikisoma bila ya kukwama, na shule ikalipwa. Walakini akipewa kitabu kingine kilicho rahisi vile vile hakuweza kukisoma. Arnold alisema kwamba yawezekana kabisa kumvusha mtoto katika mtihani wa kusoma, kuandika na kuhesabu hali hajui kwa kweli kusoma, kuandika wala kuhesabu. Hakuwalaumu waalimu kuwa ni wadanganyifu. Walifanya lile walilolipwa kulifanya.

Hapo panaonekana shabaha ya Lowe ilivyojigeuza. Alitaka mtoto aliyesahauliwa atazamwe, na kwa kweli alitazamwa, lakini kwa jicho la mwenye duka. Mtoto mzito wa kuelewa alikaririshwa na pengine kuchapwa mpaka aivuke standadi yake. Mtoto hodari alizuiwa, kwa sababu hakuweza kuiletea shule zaidi ya malipo ya hatua moja kwa mwaka, na akili yake iliyosalia haikuwa na bei. Matokeo ambayo hazina iliyapenda yalionekana upesi: ruzuku iliyozidi pauni 800,000 mwaka 1861 ilikuwa imeshuka chini ya pauni 650,000 katikati ya miaka ya 1860. Ahadi ya gharama ndogo ilitimia. Ahadi ya manufaa ilibaki katika mabishano.

Lowe mwenyewe alijiuzulu mwaka 1864, Bunge liliposhutumu idara yake kwamba ilizikata taarifa za wakaguzi ili zisionyeshe mawazo yanayopingana na serikali. Kamati iliyochunguza baadaye ilimwondolea lawama. Mpango wake uliishi muda mrefu baada yake. Toka mwaka 1867 uliongezwa masomo mengine yenye malipo, ukarekebishwa tena na tena, na sehemu yake kubwa haikuvunjwa mpaka mwaka 1890. Masalia yake yaliisha karibu na mwisho wa karne. Mwaka 1911 Edmond Holmes, aliyekuwa mkaguzi mkuu wa shule za msingi na sasa amestaafu, alitoa kitabu cha majuto. Alisema kwamba mwalimu aliyefungwa kamba kwa zaidi ya miaka 30 hajui kutembea siku kamba inapokatwa. Sheria ilikuwa imeondoka, lakini mazoea yake yalikuwa bado darasani.

Na mazoea husafiri. Malipo kwa kadiri ya matokeo yalipelekwa Victoria katika Australia, na Jamaika katika miaka hiyo ya 1860. Katika Afrika ya Mashariki utawala wa Waingereza ulipanga shule zake wakati malipo hayo yamekwisha kufa Uingereza, lakini ngazi zake zilikuja na jina lake. Mtoto wa Tanganyika au wa Kenya aliingia standadi ya kwanza bila ya kujua kwamba jina la chumba chake lilikuwa jina la bei.

Katika Tanganyika ya miaka ya 1950 elimu ilikatwa vipande vya miaka minne minne, na mtihani wa standadi ya nne ulisimama kama mlango mwembamba. Hapa mtihani ulikuwa na kazi mpya. Uingereza ya 1862 iliuliza shule ilipwe kiasi gani. Koloni liliuliza watoto wangapi waondolewe, kwa kuwa nafasi za juu zilikuwa chache mno. Uhuru ulipopatikana elimu ya msingi ilifanywa ya miaka saba, lakini uchache wa nafasi za sekondari ulibaki. Mwezi wa Machi 1967 Julius Nyerere alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, na ndani yake alieleza kwamba watoto wapatao 13 tu katika kila 100 waliomaliza shule ya msingi ndio waliopata nafasi ya kuendelea, na waliobaki waliondoka wakijiona wameshindwa. Alitaka mtihani ushushwe cheo, na shule ya msingi iwe elimu kamili kwa yule atakayerudi kijijini. Miaka saba baadaye, mwaka 1974, Azimio la Musoma lilitaka kazi na mwenendo wa mwanafunzi vihesabiwe pamoja na mtihani wake.

Kenya ilijaribu njia nyingine. Katika miaka ya 1970 mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulichunguzwa, na ikaonekana kwamba maswali yake mengi yalidai kumbukumbu tu. Chini ya uongozi wa Tony Somerset maswali yalibadilishwa ili yadai fikira na mambo ya maisha ya mtoto wa shamba, na shule zikaletewa maelezo ya makosa yaliyofanywa na watahiniwa, ili mwalimu ajue pa kurekebisha. Jambo hili lastahili heshima, kwa sababu laonyesha kwamba mtihani waweza kumtumikia mwalimu badala ya kumtisha. Lakini pamoja na maelezo hayo zilitolewa pia orodha za wilaya kwa mfuatano wa ushindi. Kadiri miaka ilivyopita ni orodha iliyokumbukwa zaidi, hata ikawa kila matokeo yanapotoka shule bora zinabebwa juu kwa nyimbo na shule za mwisho zinatajwa kwa aibu.

Hali hiyo ilifika Tanzania kwa nguvu mwaka 2013, katika mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Shule za msingi zilipangwa kwa alama za mtihani wa darasa la saba, kila moja ikajulikana nafasi yake katika wilaya na katika taifa. Hakuna shilingi iliyofungwa kwa mtoto, kama alivyofanya Lowe. Kilichofungwa kilikuwa heshima ya mwalimu mkuu mbele ya wakubwa wake na mbele ya wazazi. Wachunguzi watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, waliipima athari ya orodha hizo na kuchapisha matokeo mwaka 2021. Waliona kwamba shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipandisha alama. Waliona pia kwamba shule hizo zilipunguza idadi ya watoto waliofika mtihanini. Wachache katika kila shule hawakufika mwaka wa mwisho, nao hawakuwa wale waliotazamiwa kushinda.

Habari hii yafaa kusomwa pamoja na ile ya Arnold. Miaka 150 na nchi mbili tofauti zimetenganisha matukio hayo, na waalimu wa pande zote mbili hawakuwa waovu. Katika shule ya Kiingereza mtoto mgonjwa alibebwa aje, kwa kuwa kuwapo kwake ni faida. Katika shule iliyopangwa katika orodha mtoto dhaifu aliachwa asije, kwa kuwa kuwapo kwake ni hasara. Njia zapingana, lakini chanzo ni kimoja. Kipimo cha mtoto kilipogeuzwa kuwa hukumu ya shule, shule ilianza kumchagua mtoto kwa faida yake yenyewe.

Serikali zenyewe zimeanza kulitambua jambo hili. Kenya ilipiga marufuku kupanga shule kwa matokeo mwaka 2014, na mapema mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha desturi ya kutangaza shule na wanafunzi bora. Mwaka huo huo wa 2023 watoto wa Kenya zaidi ya 1,400,000 walifanya mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985, na hao walikuwa wa mwisho. Katika mtaala mpya ngazi za shule huitwa gredi. Neno standadi, lililozaliwa Uingereza mwaka 1862, liliondoka katika majina rasmi ya madarasa ya Kenya pamoja na kundi hilo. Kubadilisha jina ni kazi nyepesi, na Holmes alikwisha kuonya kwamba mazoea huishi baada ya sheria.

Yafaa kukumbuka kwamba pwani haikuwa ngeni kwa kupima watoto kabla ya standadi kuja. Chuoni mtoto alisomea juzuu kwa juzuu, mwalimu akimsikiliza mmoja mmoja, mpaka akahitimu. Kukariri kulikuwako, na bakora ilikuwako. Hata malipo yalikuwako, kwa maana mzazi alimpa mwalimu ada mtoto alipofikia hatua yake. Tofauti ilikuwa katika saa. Mtoto aliyechelewa aliendelea kusoma mpaka siku yake ikafika, na mwalimu hakupoteza kitu kwa kumngoja. Standadi ilikuwa na siku moja, na siku hiyo ikipita hasara imekwisha kuandikwa. Ng'ombe hanenepi siku ya mnada, husema wafugaji. Na shule iliyojali mnada peke yake ilijifunza kumfanya ng'ombe aonekane mnono kwa siku moja, au kumficha aliyekonda.

Katika Kiswahili neno mtihani lina maana mbili. Ni karatasi ya maswali, na pia ni msukosuko ambao Mungu humletea mja ili imani na subira yake vijulikane. Katika maana hiyo ya pili anayetahiniwa si aliyepatwa peke yake. Majirani nao hutahiniwa, kama watamsaidia au watamwacha. Historia ya standadi yaonyesha kwamba hata mtihani wa shule ya msingi una watahiniwa wawili. Mtoto hujibu maswali ya kusoma na hesabu. Shule hujibu swali jingine, lisilopigwa chapa katika karatasi yo yote: itamfanyia nini mtoto ambaye yaelekea atashindwa. Neno la zamani darasa lilikuwa na jibu lake, kwa kuwa maana yake ni kikao, na katika kikao aliyechelewa kuelewa ana mahali pake pa kuketi.